Malalamiko: boksi la ndizi lililofika bila isale

Fundi wa cherehani,
Jirani na Soko la Kati,
Moshi.
24 Machi 2025

Meneja,
Ofisi ya Vifurushi,
Stendi Kuu ya Mabasi,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOKSI LANGU LILILOTUMWA DAR ES SALAAM TAREHE 4 MACHI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa kumi na moja. Jina langu na namba ya simu viko kwenye nakala ya risiti niliyoambatisha. Makarani wenu wa asubuhi wananiita Fundi, na ukiwauliza watakuambia ni yule wa suti.

Jumanne tarehe 4 Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikabidhi boksi moja dirishani kwenu liende na basi la saa kumi na mbili. Nililipa shilingi 8,000. Ndani mlikuwa na chane nne za ndizi mshare, kilo mbili za maharage, na jani la isale lililofungwa fundo, ambalo nililiweka juu kabisa ili anayefungua alione kabla ya ndizi. Karani aliuliza ndani kuna nini. Nikamjibu: ndizi, maharage na isale. Akaandika "ndizi". Nilipomkumbusha isale akacheka, akasema, "Fundi, jani nalo lina bei gani?" Kwenye thamani ya mzigo akaandika 20,000, nami nikasaini. Hapo nilikosea, nakiri.

Boksi lilifika Stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni ileile. Halikushushwa. Lilibaki kwenye buti, likalala yadi, na Jumatano likarudi Moshi na basi lilelile. Alhamisi nzima lilikaa ofisini kwenu, mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka ilipo cherehani yangu, na namba yangu ya simu imeandikwa ubavuni kwa maka peni, tarakimu kubwa kama za jezi. Hakuna aliyepiga. Ijumaa likapakiwa tena. Jumamosi tarehe 8 kaka yangu akapigiwa simu aende kuchukua mzigo, akatozwa shilingi 2,000 za kuhifadhi. Boksi limesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwenye buti, katika joto la Machi, halafu anayelipia uhifadhi ni mpokeaji!

Alipofungua alikuta ndizi zimeoza, maji yake yameingia kwenye maharage, na selotepu imechanwa ikabandikwa upya. Isale halikuwemo.

Nilipopiga simu Mbezi, kijana wenu alinijibu bila wasiwasi wowote kwamba boksi lilikuwa linavuja, wakalifungua, wakakuta "majani yamenyauka" wakayatupa yasichafue mizigo mingine. Kwanza, lilikuwa jani moja, si majani. Pili, isale ni mmea mkaidi. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinaota, na siku nne kwenye boksi haliwezi kunyauka kiasi cha mtu kuliona takataka. Tatu, mtu mwenye akili ya kutoa jani zima na kuziacha ndizi zilizooza, akabandika selotepu, akamtoza mpokeaji hela ya kuhifadhi, huyo sijui mlimpata wapi.

Ningekuwa naandikia mtu wa Uchagani ningeishia hapa, angeshaelewa. Ila naona barua hii inaweza kupanda hadi makao makuu, kwa mtu asiyejua habari za isale, kwa hiyo acha nieleze.

Isale, wingi wake masale, ni ule mmea wa majani marefu mnaouona umepandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Kwetu ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu aliyekukosea akileta isale, ameshakufunga mikono. Unaweza kununa, unaweza kudai mbuzi na pombe ya mbege, wazee wakakaa wakasema yote, lakini kulikataa jani huwezi. Kwa kawaida haliendi kwa basi. Hubebwa na mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, na kwetu mtu huyo ni shangazi. Shangazi magoti yamemgomea, hawezi kukaa kwenye kiti kutoka Moshi mpaka Dar. Na kaka alishasema hataki kumwona mtu yeyote kutoka nyumbani kwa habari ile. Shangazi akafikiri, akasema, "Mtu hataki. Ndizi hajasema." Ndiyo maana likaja kwenu.

Kosa langu ni hili. Mwaka 2023 nilijenga ukuta wa tofali kwenye mpaka wa kihamba cha baba, Kibosho, nikang'oa masale yaliyopandwa na babu, bila hata kumpigia kaka simu. Mimi ni kitindamimba, kihamba nimeachiwa mimi kama ilivyo mila yetu. Lakini masale yale hayakuwa yangu peke yangu, na jambo hilo nimelielewa nikiwa nimechelewa. Jani mlilolitupa nililichuma kwenye shina moja lililosalia pembeni ya ukuta. Nililituma Jumanne makusudi, ili kaka aamke nalo Jumatano ya Majivu. Najua wiki ile mlikuwa mmeelemewa, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza na maboksi ya tende yamejaa hadi mlangoni. Kwaresima na mfungo vilikutana kwenye dirisha moja la vifurushi. Mzigo wa mwenye tende ulifika, nina hakika, maana asingewaacha salama.

Sasa jiwekeni mahali pa kaka yangu. Miaka miwili hamjazungumza. Siku moja mdogo wako aliyekukosea anakutumia boksi. Unalipa 2,000, unafungua, ndizi zilizooza. Kaka alipiga picha akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akaandika: "Nimepokea salamu za mdogo wangu. Asanteni." Watu thelathini na nane waliona. Mmoja akaweka alama ya kulia, halafu akaifuta.

Mimi nilituma ombi la msamaha. Ninyi mmefikisha tusi, tena likiwa na jina langu ubavuni.

Afisa wenu wa huduma kwa wateja ameniita mara mbili nichukue shilingi 20,000, "thamani uliyoandika mwenyewe", nikisaini karatasi kwamba sina dai lingine. Nimekataa mara zote mbili. Ananiona mkorofi. Amenionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti, kwamba kampuni haihusiki na vitu vinavyooza. Nimeyasoma. Lakini ndizi hazikuoza njiani. Njia ya Dar ni siku moja na mlilipwa kwa siku moja. Zimeoza kwenye buti na ofisini. Na isale halimo kwenye orodha ya vitu vinavyooza hata mkiisoma kwa miwani.

Ndugu Meneja, nafikiri mnapopokea mizigo pale dirishani mnaona maboksi na viroba, mnapima kwa macho, mnataja bei. Mimi nimekaa kwenye foleni yenu miaka kumi na moja na najua kidogo kinachopita hapo. Vitambaa vyangu vinatoka Kariakoo kwa mama mmoja ambaye sijawahi kumwona uso. Namfahamu kwa mwandiko wake wa maka peni, na siku mwandiko ulipobadilika nilijua anaumwa kabla hajaniambia. Cheti cha kidato cha nne cha mpwa wangu kilipita kwenu ndani ya bahasha ya kaki, na mama yake alikaa na simu mkononi kutwa nzima. Mama yetu alipofariki, nguo zake alizogawiwa dada zilisafiri kwa basi lenu kwenye sanduku lake mwenyewe la bati, na karani wa siku hiyo, bila kuambiwa, aliliweka juu ya mizigo mingine. Serikali inaviita vipeto. Sisi tunasema mzigo. Ukisema kifurushi, kijana wa siku hizi anafikiri unataka bando.

Na kulikuwa na ndoo. Tangu mama akiwa hai, kati ya Kibosho na Tabata kwa kaka palikuwa na ndoo moja ya bluu ya lita 20, yenye mfuniko. Ilienda na ndizi, ikarudi na nazi na dagaa, maana chombo hakirudi kitupu. Zamani baba alikuwa anatuma kwa treni. Treni ya abiria ilipoacha kuja Moshi miaka ya 1990 tukahamia kwenye mabasi, na iliporudi Desemba 2019 tulikuwa tumeshawazoea ninyi. Mabasi yenu yameibeba ndoo ile mara nyingi kuliko yalivyonibeba mimi. Nilipojenga ukuta, ndoo ilikuwa Tabata. Haijarudi. Sisi hatukutukanana, wala hakuna aliyetamka kwamba ana ugomvi na mwenzake. Ndoo tu haikurudi, na kila mtu nyumbani akaelewa.

Ndiyo maana dirisha lenu kuuliza bei peke yake hakutoshi, na karani kuandika "ndizi" baada ya kuambiwa vitu vitatu si jambo dogo. Kama isale lingeandikwa, kijana wa Mbezi angeona kwenye karatasi kwamba kuna kitu kinachohesabiwa. Angeuliza. Kazi yenu ya kwanza siyo kujua thamani ya kilichomo, hiyo anaijua mtumaji. Kazi yenu ni kutotoa kitu ndani ya boksi la mtu bila kumpigia simu.

Sisemi hivi kwa chuki. Desemba 2021 koti la bwana harusi nililolishona liliachwa vilevile kwenye buti, usiku wa kuamkia harusi. Kondakta wenu mmoja alilifuata yadi mwenyewe, akalipandisha bodaboda hadi Kimara, likafika saa nne usiku. Hakudai kitu zaidi ya hela ya bodaboda. Kwa sababu ya mtu yule ninaandika barua badala ya kuhama tu kwenda kwa jirani zenu wa dirisha la pili, ambao wana bei nafuu na kelele kidogo.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishiwe 8,000 yangu ya usafirishaji, na kaka arudishiwe 2,000 yake, apewe yeye mkononi, isiwekwe kwangu. Ndizi na maharage sidai. Nimevikata na kuvivuna mwenyewe, na ile 20,000 yenu bakini nayo.

Nataka pia barua. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ipigwe muhuri, iandikwe kwa kaka yangu, na iseme mambo manne tu: kwamba tarehe 4 Machi mlipokea boksi kutoka kwangu likiwa na ndizi mbichi, maharage na jani la isale lililofungwa fundo, kwamba boksi lilichelewa siku nne kwa uzembe wa kampuni, kwamba ndizi zilioza mikononi mwenu, na kwamba isale lilitolewa na mfanyakazi wenu, akalitupa. Msiongeze "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza. Karani wa alfajiri ya siku hiyo anakumbuka nilichomwambia, nimemuuliza, hakukana. Asaini kama shahidi. Asiadhibiwe kwa hilo; alicheka tu, na mimi nilisaini.

Barua hiyo ipelekwe Tabata na mtu wenu. Msiiweke kwenye buti.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakapopokea barua hii na kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko LATRA kwa upande wa usafiri, na TCRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za kusafirisha vifurushi na vipeto. Nisingependa tufike huko. Pasaka ni tarehe 20 Aprili na kabla ya hapo nina suti kumi na mbili za kutuma Dar, nne kati yake zimeshalipiwa.

Isale jingine nitalichuma, shina bado lipo. Lakini silitumi kabla kaka hajasoma barua yenu, maana kwa sasa lolote litakalotoka kwangu atalifungua akiwa ameziba pua.

Wenu mteja,

Fundi

Viambatisho: nakala ya risiti, picha ya boksi kama lilivyopokelewa Mbezi.

Nakala kwa: Shangazi, Kibosho (nitamsomea mwenyewe).