Risala ya wavuvi wa Mida kwa mgeni wa heshima, siku ya kumrudisha kasa baharini

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, viongozi wa BMU (kikundi chetu cha kusimamia ufuo na uvuvi), wazee, akina mama wauza samaki, walimu na wanafunzi, assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Umekuja mpaka huku mikokoni maji yakiwa yamekupwa na tope limefika magotini. Tunashukuru sana. Viatu vyako tutaviosha.

Mheshimiwa, hatutajifanya kwamba tulizaliwa tukimpenda kasa. Wazee wetu walimla, na mimi ninayesoma risala hii nimekula pia. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza Watamu mwaka 1997 likiitwa Watamu Turtle Watch, ndilo lililotuletea utaratibu wa kumpa mvuvi fidia kidogo akinasa kasa na kupiga simu badala ya kumchinja. Fedha yenyewe haifikii bei ya nyama, hilo kila mtu hapa analijua. Lakini inaziba tundu la wavu na kulipia asubuhi iliyopotea. Kisha, Machi 2024, tukasikia habari za kisiwa cha Panza, Pemba: watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Siku hiyo hata wabishi wetu walinyamaza.

Tunalotaka ulijue zaidi ni lile linalotendeka mtumbwini kabla daktari hajafika. Kasa anavuta hewa kama sisi. Akinaswa na jarife chini ya maji, anakufa maji. Zamani tukivuta wavu tukamkuta amelegea, tulisema huyu maiti, tukamtupa. Kumbe tulikuwa tunamzamisha wenyewe! Aliyekuwa hai bado tulimlaza chali asitoroke, uzito wa mwili ukambana mapafu. Siku hizi tunamlaza kifudifudi, tunamwinua upande wa nyuma kwa kipande cha ubao ili maji yamtoke, tunamfunika gunia bichi huku pua ikiwa wazi, halafu tunangoja. Wengine huchukua saa nyingi. Mwenzetu mmoja alishakata tamaa na wake, akamimina chai. Kasa akavuta pumzi kwa kishindo, kikombe kikaenda na maji.

Kule Watamu, kwenye kituo cha shirika hilo cha kutibu kasa, tumewaona waliomeza plastiki: gesi inajaa tumboni, mnyama anaelea siku nzima, hawezi kupiga mbizi akafuate majani anayokula. Tumeona ndoana kooni. Tumeona na uvimbe ulioota shingoni na machoni kama koliflawa, ambao hukatwa kwa upasuaji. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kukaa miezi kwenye tangi kabla ya kuruhusiwa.

Shida zetu ni usafiri kwanza. Kasa wa kilo 60 hapakiwi kwenye bodaboda, ingawa, tusikufiche, tumewahi kujaribu. Tunaomba utusaidie kupata tuktuk ya mizigo. Pili ni taa za majengo ya ufuoni. Watoto wa kasa wakitoka kiotani usiku hufuata mwanga, na badala ya kushuka baharini wanapanda kuelekea ukutani. Tumewaandikia wenye jengo moja mara tatu, bila jibu. Neno lako litasikika kuliko letu.

Kasa wa leo yuko pale kivulini, chini ya gunia. Alinaswa na mmoja wetu, akatibiwa, na sasa ana bamba la namba kwenye pezi. Maji yameanza kujaa. Tunakuomba utusaidie kumbeba: mshike ubavuni mwa gamba, si kwenye mapezi, na kaa mbali kidogo na mdomo wake. Huyu hajui mgeni wa heshima ni nani.

Ni sisi, wavuvi wa Mida.