Risala ya Wazazi na Wahudumu wa Watoto Wenye Selimundu, Mtwara na Lindi, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Selimundu Duniani, Juni 19

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali, waganga wakuu, viongozi wetu wa dini, wazazi wenzetu, na ninyi mashujaa wetu mliokaa mbele,

Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa Mtwara salama. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko licha ya majukumu mengi, tena umekuja mwenyewe, hukutuma mwakilishi. Hilo tumeliona na tumelithamini sana.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2017 na wazazi tisa waliokuwa wakikutana kwenye benchi la kliniki. Leo kina wanachama kuanzia Newala na Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, hadi Kilwa. Mafanikio ni makubwa: tuna katiba, tuna akaunti ya benki, tumenunua meza mbili na viti kumi na viwili vya kliniki, na wakunga wa vituo kadhaa sasa wanachukua damu ya kisigino cha mtoto mchanga kwa ajili ya kipimo cha selimundu, kwa ustadi ambao mikoa mingine ingefaa kuja kujifunza. Mengine yapo kwenye taarifa uliyokabidhiwa. Tumekuja na jambo moja: mashine ya kupima selimundu kwa watoto wachanga, ambayo tunayo lakini haifanyi kazi.

Mheshimiwa, mwaka 1990 wanasayansi wa nchi mbalimbali walianza kusoma vinasaba vya binadamu herufi kwa herufi. Rasimu ilitangazwa Juni 2000, mradi ukakamilika Aprili 2003, na vipande vilivyokuwa vimeshindikana, kama asilimia 8, vikachapishwa mwaka 2022. Ni herufi zipatazo bilioni 3. Katika bilioni zote hizo, mtoto mwenye selimundu ya kawaida amebadilikiwa na herufi moja: kwenye jeni ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyo katika kromosomu ya 11, palipotakiwa A pana T, na amerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama. Chembe yake nyekundu ikipungukiwa oksijeni inajipinda kama mundu na kuziba mishipa.

Badiliko la protini linalotokana na herufi hiyo lilijulikana tangu miaka ya 1950. Ramani ya vinasaba ilijibu swali jingine: kwa nini wagonjwa wawili wenye herufi ileile, mmoja analazwa kila mwezi na mwenzake anacheza mpira? Wenye nafuu wengi hubaki na himoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni. Watafiti walilinganisha vinasaba vya watu wengi, na kufikia mwaka 2008 wakawa wameitambua jeni iitwayo BCL11A, iliyo kwenye kromosomu ya 2, kuwa ndiyo swichi inayoizima F baada ya kuzaliwa. Novemba 2023 Uingereza ikawa ya kwanza duniani kuidhinisha Casgevy, tiba inayoharibu swichi hiyo ndani ya seli za uboho za mgonjwa mwenyewe ili F irudi. Marekani ilifuata Desemba, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hatukuombi hiyo, Mheshimiwa. Tunaitaja ili ujue elimu imefika wapi wakati mtoto wa Liwale hajajulikana kama anaumwa.

Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Makadirio ni kama 11,000 kila mwaka. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa na kuchunguza vinasaba vyao tangu 2004. Mwaka 2020 uchambuzi wa vinasaba vya Waafrika 426 ulitoa tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa popote, maana yake ramani ya dunia bado haijatusoma sawasawa. Lakini mtoto asiyepimwa haingii hata kwenye daftari la kliniki, sembuse kwenye utafiti.

Kipimo kilichozoeleka vituoni kwetu ni sikilingi: tone la damu, tone la metabisulfaiti, kioo juu, unaziba kingo, unasubiri, unatazama kwenye hadubini. Dawa isipochanganywa siku hiyohiyo, inadanganya. Haitofautishi mgonjwa na mwenye kurithi upande mmoja tu. Na kwa mtoto mchanga haifai kabisa, kwa sababu damu yake imejaa F, ambayo haijipindi. Mama anaambiwa mwanao mzima. Anarudi mtoto ana miezi minane, vidole vya mikono na miguu vimevimba, na penisilini ya kumkinga ilitakiwa ianze kabla hajatimiza miezi mitatu.

Kinachotakiwa ni mashine ya HPLC, inayotenganisha himoglobini na kuchora kila aina mahali pake. A ni himoglobini ya kawaida, S ni ya selimundu. Jibu la mchanga likisoma FA, ni mzima. FAS, amerithi upande mmoja. FS, aanze kliniki wiki hiyohiyo.

Mheshimiwa, mashine hiyo tuliahidiwa mwaka 2021, kwamba ingefika kabla ya msimu wa korosho. Misimu miwili ilipita. Mwaka 2023 ilifika, tukashukuru kwa dhati, picha zikapigwa. Ilikuja na boksi moja la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, lililobakiza miezi miwili kuisha muda wake, bila UPS ya kushikilia umeme ukikatika, bila mkataba wa matengenezo. Umeme ulikatika katikati ya kazi mara nne. Kila ukikatika, sampuli zilizokuwa ndani zinarudiwa upya na vitendanishi vinaliwa mara mbili. Kolamu, yaani mrija unaotenganisha himoglobini, ikaziba. Mashine hii haikubali vitendanishi wala kolamu ya kampuni nyingine. Leo imefunikwa kitenge. Mwaka jana, mbele ya umati kama huu, tuliahidiwa kwamba suala limechukuliwa kwa uzito. Tunaamini limechukuliwa, bado hatujajua limepelekwa wapi.

Kwa sasa sampuli zinakwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mkunga anasafisha kisigino kwa spiriti, anaacha kikauke, anachoma pembeni, anafuta tone la kwanza, la pili linajaza duara lililochorwa kwenye karatasi maalumu ya damu mpaka lionekane nyuma yake. Haongezi tone juu ya tone. Karatasi inalazwa kivulini kwa muda wa saa 3 hadi 4, kisha inafungwa na vifuko vya kunyonya unyevu. Vifuko vikiisha, hewa hii ya pwani inaharibu sampuli kabla basi halijafika Kilwa. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na hakuna kilichopita. Mtoto anayechukuliwa damu siku ya chanjo ya wiki 6 ana wiki 6 tu kabla ya miezi mitatu, na tumepokea majibu yaliyochelewa kuliko hapo.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Mashine ipo, iwezeshwe kufanya kazi. Kwanza kolamu mpya na vitendanishi vya miezi 12, vikiletwa kila robo mwaka badala ya kurundikwa kwa mkupuo, kila boksi likifika na angalau miezi tisa ya matumizi. Vipimo vya kuhakiki mashine vinakula sehemu ya boksi hata ukipima watoto wawili, hivyo tumepanga kukusanya sampuli na kupima Jumanne na Ijumaa tu. Pili umeme: UPS, pamoja na inveta na betri za kubeba mashine na kiyoyozi kwa saa 2, muda wa kumaliza kundi lililo ndani na kuizima kwa utaratibu. Tatu mkataba wa fundi wa kampuni, afike mara mbili kwa mwaka na anapoitwa. Nne, wataalamu wawili wa maabara wafundishwe, wasiwe mmoja, kwa sababu aliyefundishwa mwanzo amehamishwa.

Karatasi za damu na wakunga wa kuzijaza tayari wapo. Ndizo zinazotumika kwa watoto wa mama wenye VVU.

Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, siku 12 kutoka leo. Tunakuomba kwa heshima zote uzikutanishe halmashauri za mikoa yote miwili kabla ya siku hiyo, kila moja itaje mchango wake, na sisi tupewe jibu kwa maandishi lenye tarehe na ofisi itakayofuatilia. Makadirio ya gharama yako kwenye bahasha ya kaki uliyopewa mlangoni. Nakala kama hiyo tulimpa pia mgeni rasmi wa mwaka jana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana Mtwara, na tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama