Muuzaji wa laptopu asifute faili za kurejesha Windows

Mhariri,

Anayenunua laptopu iliyotumika hapa Nairobi, iwe Moi Avenue au Luthuli, huuliza RAM ni ngapi na betri inakaa saa ngapi. Ni nadra aulize iwapo faili za kurejesha Windows bado zimo kwenye diski, ilhali kuna mafundi wanaozifuta ili C, sehemu ya diski yenye Windows na faili zako, ipate nafasi zaidi.

Faili hizo hukaa katika sehemu ya diski isiyo na herufi, ndiyo maana huioni ukifungua kompyuta kawaida. Ni ndogo: megabaiti mia kadhaa, au gigabaiti moja hivi. Tatizo ni kwamba aghalabu iko nyuma ya C moja kwa moja, na anayetaka kupanua C huiona kizuizi. Ikishafutwa, siku Windows itakapogoma kuwaka hutapata ile skrini ya kurekebisha.

Kagua kabla ya kulipa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike reagentc /info. Jibu likiwa Enabled, mambo ni sawa. Likiwa Disabled, jaribu reagentc /enable. Ikikataa, huenda faili zenyewe hazipo.

Kuibana sehemu hiyo nako kuna madhara. Januari 2024, sasisho la Windows 10 liitwalo KB5034441 lilikwama kwenye mashine nyingi kwa kosa la 0x80070643, kwa kuwa lilihitaji megabaiti 250 zilizo wazi humo na hazikuwepo.

Hata hivyo, diski ikifa hufa na faili hizo. Tengeneza nakala kwenye flashi ya GB 16 au zaidi kupitia programu ya Windows iitwayo Recovery Drive, na utie alama pale panapouliza kuhusu faili za mfumo. Hamisha kwanza picha na hati zilizo kwenye flashi, maana itafutwa yote.

Mwenye shida ya nafasi aanze na Windows.old, folda inayobaki baada ya kupandisha toleo. Windows huiondoa yenyewe baada ya siku 10, na ukiitoa mapema unapoteza tu njia ya kurudi toleo la awali. WinSxS, folda ambamo Windows huweka vipande vya mfumo wake, usiiguse kwa mkono, hata ikionekana kubwa namna gani. Windows haiwezi kujisasisha bila hiyo.

Tunawaomba wauzaji waandike kwenye risiti kama sehemu ya kurejesha ipo au la.

Mafundi wa kompyuta,
Nairobi