Kitabu cha mvuvi si lazima kiwe cha samaki

Isevya, Tabora

Shoga yangu wa Ujiji,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye miembe. Barua yako nimeisoma. Shelfu umepata, vitabu arobaini umepata, na bado watu wanapita, wanashika kimoja, wanakigeuza nyuma, wanakirudisha. Na yule mvuvi uliyempa kijitabu cha ufugaji wa samaki hajaonekana tena. Tuanze na huyo huyo, maana kosa ulilolifanya kwake ndilo wanaloanza nalo karibu wote wanaofungua maktaba ndogo.

Samaki anawajua, usiku kucha yuko nao. Kinachomnyima usingizi ni kingine: mgao anaoukata mwenye chombo, mtumbwi wa marehemu baba ambao kaka mkubwa ameuweka rehani, binti aliyefaulu na sare bado haijanunuliwa. Kitabu kitakachomkamata ni chenye jambo hilo ndani yake, hata kama kinamhusu kuli wa bandarini Unguja ambaye hajawahi kushika wavu. Sisi tunatazama kazi ya mtu tukadhani tumeyatazama maisha yake.

Kwa hiyo acha kumuuliza mtu, "Unapenda vitabu gani?" Swali hilo linamrudisha darasani. Wengi wetu riwaya ya mwisho tuliishika kwa ajili ya mtihani: fani, maudhui, dhamira, msimamo wa mwandishi. Wengine hata riwaya yenyewe hawakuifungua, walisoma uchambuzi wakajibu wakafaulu. Ukiwauliza wanapenda nini watakujibu kwa adabu, "vitabu vya kuelimisha," nawe utabaki pale pale. Uliza hivi: "Hadithi gani ya mwisho ilikukalisha mpaka chai ikapoa?" Isiwe lazima kitabu. Inaweza kuwa mchezo wa redioni, filamu iliyotafsiriwa, hadithi ya mfululizo anayoifuata WhatsApp kila usiku, au mgogoro wa shamba aliousikiliza kwenye baraza la kata toka asubuhi hadi jioni. Akishataja, ongeza moja tu: "Nini kilikushika pale?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana ulimi unawasha kutaja kitabu.

Sikiliza anavyojibu. Nancy Pearl, aliyekuwa mkutubi wa Seattle kule Marekani, husema msomaji huingia kitabuni kwa mmoja kati ya milango minne: hadithi, wahusika, mahali, lugha. Kwa maneno ya watu wetu utaisikia hivi. "Nilitaka kujua itaishaje" ni hadithi. "Yule mama namjua kabisa, wifi yangu mtupu" ni wahusika. "Nilijiona niko kule kule" ni mahali. Na yupo atakayekurudishia sentensi nzima neno kwa neno, anacheka peke yake. Huyo ameingia kwa lugha, mpe mashairi bila wasiwasi. Anayetaka kujua itaishaje ukimpa riwaya ya mawazo mazito, ya mtu anayejiuliza maana ya kuishi kurasa tisini, umempoteza hata kama jambo lililomo ni lake.

Sasa kazi yenyewe, na haina njia ya mkato: kaunta buku. Nunua ya kwaya mbili. Kwenye maktaba kubwa riwaya ya Kiswahili inakaa chini ya namba ya kupangia vitabu, 896.392, na namba hiyo inakuambia kwamba ni fasihi ya Kiswahili. Haikuambii kwamba ndani kuna mjane anayegombania nyumba. Jalada la nyuma nalo mara nyingi linasifu shahada za mwandishi. Kaunta buku yako iwe na vichwa vya mambo ya watu: deni, mirathi, uke wenza, kuhama, kufeli, kuacha kazi, mzazi mlevi, mtoto wa nje. Kila kichwa kurasa mbili. Kila kitabu ukimaliza kukisoma, kiandike chini ya vichwa viwili au vitatu, mistari minne tu: jambo, mlango, ukurasa wa kusoma kwa sauti, na tahadhari.

Nikuonyeshe kimoja. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Andika chini ya "mzazi mlevi" na chini ya "binti aliyebanwa nyumbani." Jambo: baba anayekunywa na kupiga, binti aliyelelewa kwa woga, halafu anatoka kwenda shule na hana wa kumshika. Mlango: wahusika. Ukurasa: kipigo cha sababu ya barua ya mvulana. Tahadhari: Rosa anajiua mwishoni. Mstari huo wa nne usiuruke kamwe. Kitabu kinachomfanana mtu sana kinaweza kumtia nguvu na kinaweza kumwangusha, na anayekitoa shelfuni ndiye anayepaswa kujua kinaishaje. Msichana aliye kwenye hali mbaya leo asipewe hicho leo. Na tazama jambo lingine: hadithi hiyo ni ya Ukerewe, ziwa lingine na watu wengine, lakini mama wa Ujiji hatauliza ziwa gani. Kadhalika binti wa miaka 15 aliyeozwa kwa mzee wa miaka 52 katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni Mhindi wa Unguja. Msomaji wa Kasulu aliyeozwa mapema hatajali Uhindi wake.

Kaunta buku ni yako. Isilale mezani, na jina la msomaji lisiandikwe humo.

Hili la siri nilikaze kidogo. Ukimpa aliyeachika kitabu cha talaka mbele ya watu, umemtangaza. Toa vitabu vitatu pamoja, kimoja kiwe ndicho ulichokilenga na viwili vya kawaida, na usiseme kipi ni kipi. Mwache achague. Akichukua kingine, sawa. Kile ulichokilenga atakikuta pale pale siku ya kurudisha.

Wasiojua wachague nini, wasomee kwa sauti. Usianze ukurasa wa kwanza. Riwaya zetu nyingi zinafungua na jua likichomoza na ndege wakiimba, na mtu ameshachoka kabla jogoo hajamaliza. Chukua ukurasa wenye majibizano. Ukurasa mmoja una maneno kama 300 hivi, ni dakika mbili au tatu. Kata kabla ugomvi haujaisha, funga kitabu, weka mezani, endelea na mengine.

Kuna kipimo cha lugha pia. Mpe asome ukurasa huo mwenyewe, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado kizito kwake. Hapo kwenu ni muhimu zaidi, kwa sababu wengi wanaotoka Kasulu na Buhigwe wamelala na kuamka kwa Kiha, na riwaya iliyojaa maneno ya pwani inawachosha bure. Si kwamba hawana akili ya kusoma. Waanzishe na vitabu vya Kiswahili vya vijana, vyenye sura fupi. Usiseme ni vya vijana.

Halafu macho. Mtu mzima akikuambia "sipendi kusoma," mtazame anavyoshika karatasi. Akiisogeza mbali kwa mkono ulionyooka, tatizo si kupenda. Kuanzia miaka arobaini hivi macho yanakataa herufi za karibu, na miwani ya kusomea ya +1.50 au +2.00 humrudisha mtu kitabuni siku ile ile. Weka jozi mbili tatu kwenye droo wajaribu hapo, na anayesikia maumivu au kuona ukungu mwambie aende hospitali kwanza. Vitabu vya herufi ndogo tenga, vitoe kwa vijana.

Waambie pia kwamba kuacha kitabu njiani si dhambi. Huyo huyo Nancy Pearl ana kanuni yake: soma kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mzee wa miaka 62 anadaiwa 38 tu. Wazee wanaipenda sana hesabu hii. Lakini anayerudisha muulize alifika ukurasa wa ngapi, kisha uandike pembeni ya kitabu hicho kwenye kaunta buku. Watu watatu wakiachia karibu na ukurasa wa ishirini, kosa si lao.

Majira nayo yana sheria. Giza likiwa zito wavuvi wako ziwani na taa. Mwezi ukipevuka mwanga unasambaa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinapumzika. Basi azimisha siku za mbalamwezi na rudishisha giza linapoanza, ni kama wiki mbili zinazohesabika zenyewe angani. Huku kwetu Desemba hakuna anayesoma, watu wako shambani na tumbaku. Lakini tumbaku inapokaushwa, moto wa bani, lile banda la kukaushia, hauachwi siku tano hadi saba, na anayeulinda usiku anakesha peke yake. Hakuna msomaji kama huyo. Mpe kitabu kinene, na umwombe asikae nacho karibu na tanuri.

Mahubiri acha. Ukikabidhi kitabu ukasema "utapata funzo humu," umekigeuza dawa, na dawa watu huinywa wakiumwa tu.

Nimefunga kumi na viwili kwenye katoni ya sabuni, vitapanda treni ya Kigoma. Vitano nimevichomekea karatasi yenye mistari minne ili uone ninavyoandika; saba vimalizie wewe, kisha unirudishie maandishi tulinganishe. Chenye jalada lililochanika usikitoe kwanza, kipake gundi ya mbao na ukilaze chini ya tofali usiku mzima. Na yule mvuvi mtafute mwezi ukipevuka, umuulize habari ya ile kesi ya mtumbwi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako wa Isevya