Umeniuliza kwa nini hawafukuzwi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, ukiuliza kwa nini watumishi wa serikali wanaoharibu kazi hawafukuzwi, na nilicheka peke yangu pale ulipoandika: "Wafukuzwe wote, leoleo!" Hata mimi nilisema hivyo mwaka 2014, habari za hospitali ya wanajeshi wa zamani ya Phoenix, Arizona, kule Marekani, zilipotoka. Siku hizi nimepunguza kasi.

Kisa chenyewe unakijua nusunusu. Mgonjwa alitakiwa amwone daktari ndani ya siku 14, na bonasi za wakubwa zilitegemea takwimu hizo. Madaktari hawatoshi, wagonjwa wamejaa, basi takwimu zikapikwa. Wakaguzi walikuta wanajeshi wa zamani wapatao 1,700 wanaosubiri miadi lakini hawamo kwenye orodha rasmi. Walipochukua sampuli ya wagonjwa 226, hospitali ilikuwa imeripoti kwamba walisubiri wastani wa siku 24. Ukweli ulikuwa siku 115. Aliyelisema jambo hili hadharani ni daktari wa hukohuko, Sam Foote, naye alikuwa ameshastaafu. Hilo la kustaafu lishike, nitalirudia.

Eric Shinseki, waziri wa idara ya wanajeshi wa zamani inayoendesha hospitali hiyo, alijiuzulu Mei 30 mwaka ule, na mkurugenzi wa Phoenix akafukuzwa Novemba. Sasa sikia. Mkurugenzi alipokata rufaa, jaji alikubali kweli afukuzwe, lakini si kwa ajili ya orodha! Kosa la orodha, alisema, idara haikulithibitisha. Kilichomwangusha ni zawadi alizopokea kutoka kwa bosi wake wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa akifanyia kazi kampuni ya ushauri iliyotaka biashara serikalini, naye hakuzitaja kwenye fomu. Watu wamesubiri miezi, na hukumu inahesabu zawadi. Nilikaa na habari hiyo siku nzima, chakula hakipiti.

Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya kuwafukuza wakubwa wa idara hiyo upesi. Mkurugenzi yuleyule akaipinga, na Mei 2017 mahakama ikasema kipengele chake cha rufaa kinavunja Katiba. Mwezi uliofuata Rais Trump akatia saini sheria nyingine: mtumishi anapewa siku 7 za kazi kujitetea, na uamuzi wote unakamilika ndani ya siku 15 za kazi. Ungeipenda, najua. Lakini waliofukuzwa kwayo wengi wakawa wafanya usafi, watu wa jikoni, wasaidizi wa wauguzi. Wakubwa walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 2021 mahakama ikaibana idara: ushahidi uwe wa kutosha, na adhabu ilingane na kosa. Mwaka 2023 idara yenyewe ikaacha kuitumia kwa watumishi wa kawaida.

Ndiyo maana nasema upanga haukuwa butu, ila mshikaji hakuwa na faili. Ukimfukuza mtu bila kuandika nani aliagiza nini, lini, na nani alisikia, atarudi kwa mlango wa rufaa na utamlipa mishahara ya nyuma. Kuandika faili ni kazi ya kuchosha, haina makofi, na mwanasiasa haiwezi.

Na faili halijiandiki. Linahitaji mtu wa ndani afungue mdomo. Sheria ile ya 2017 iliunda ofisi ya kuwalinda watoa taarifa, na miaka miwili baadaye mkaguzi mkuu akaikuta ofisi hiyo imewaangusha haohao. Sasa mrudie Dkt. Foote: yeye alisema akiwa ameshatoka. Wangapi walibaki kimya kwa sababu bado walikuwa na mkopo wa nyumba na watoto shuleni?

Nijibu hili kabla hujaniambia tena habari za kufukuza. Wewe ni karani wa miadi, bosi amesimama nyuma ya kiti chako anakwambia andika tarehe nyingine. Utamwendea nani, na ukishamwendea, kesho utaketi wapi?

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.