Daftari la ubatizo linaliwa na mchwa

Mhariri,

Vijana wa kwaya waliniuliza kwa nini huku Ghuba ya Speke sisi Waanglikana tu wachache hivi, na AIC (Africa Inland Church) wamejaa. Nikawaambia: Nassa palikuwa petu! CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, waliwakabidhi Africa Inland Mission, waliozaa AIC, kituo kile cha misheni mwaka 1909. Wakadhani natania.

Na kabla ya hapo watu wa CMS walishakufa. Luteni Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe Desemba 1877. Askofu Parker alifia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, 1888, mmisionari Mackay akafuata 1890. Mifupa ya Mackay ilihamishiwa Namirembe, Kampala, 1927.

Hayo yamo vitabuni. Ya kanisa letu la kijijini yamo kwenye sanduku la bati, chini ya benchi la kwaya. Jumapili nililifungua. Daftari la ubatizo limeshikana kurasa kama chapati mbichi, mchwa wameanzia pembeni, na jina la bibi yangu limebaki nusu. Juu yake mtu kaweka mfuko wa saruji. Saruji, jamani!

Namwomba kasisi wetu anipe ufunguo siku mbili tu. Simu ya mjukuu wangu inapiga picha safi.

Mwalimu mstaafu,
Magu, Mwanza