"Hakuna matatizo": barua ya wakili wa rufaa na tafsiri ya simu

Wiki iliyopita kaka mmoja alitupigia simu akifoka kwamba tumemlia dola 135 kwa kumtafsiria barua ya kurasa tatu ya wakili, wakati simu yake ingeitafsiri bure. Haya, nieleze hizo 135 zinakwenda wapi.

Barua hizi hapa San Diego tumezizoea. Zinatoka kwa wakili aliyepangwa na mahakama kumtetea mfungwa kwenye rufaa. Ameusoma mwenendo wote wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani, hakuona hoja ya kusimama nayo. Kwa sheria ya California haruhusiwi kunawa mikono na kwenda zake. Anapeleka muhtasari wa kesi usio na hoja, kisha majaji wenyewe wanaupitia mwenendo mzima. Utaratibu huo unaitwa Wende, kwa jina la kesi ya 1979. Chanzo chake ni mtu aitwaye Charlie Anders, aliyefungwa kwa bangi, ambaye wakili wake aliandika tu kibarua kwamba rufaa haina mashiko, akaishia hapo. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hiyo haitoshi.

Sasa sentensi inayowaponza watu ni ile wakili anaposema hakuona hoja, kwa Kiingereza "issues", neno ambalo laweza pia kumaanisha matatizo. Simu huandika: "Sikupata matatizo yoyote." Mama mmoja wa Bukavu, ambaye mwanawe ndiye mfungwa, aliisoma hivyo kwenye simu ya kitinda mimba wake. Hakuna matatizo! Akaita watu wa kanisa, wakala sombe, wakaimba. Barua ilipotufikia ilikuwa na doa la mawese pembeni, na zilikuwa zimepita siku 41. Mfungwa hupewa siku 30 za kuwaandikia majaji yeye mwenyewe, aeleze anachoona kilikosewa. Habari hiyo ya siku 30 ilikuwamo humohumo kwenye barua, aya ya nne. Tulimwambia ampigie wakili saa ileile aulize kama muda unaweza kuombwa. Kazi ya usiku, ya haraka, pamoja na kuitia kwenye Kiingereza barua ya mwanawe kwa majaji, ilimgharimu mara tatu ya bei ambayo angelipa mwanzoni.

Neno hilo moja, "issues", tulilibishania ofisini mchana kutwa. Mwenzangu wa Tanga anataka "hoja za rufaa". Wateja wetu wa Kivu wakiona "hoja" wanauliza ni nini. Tukaafikiana: "jambo la kubishania mbele ya majaji". Kila barua husomwa na watu wawili, mmoja akishika Kiingereza, mwingine Kiswahili, kwa sauti. Ndiyo hizo dola.

Wengine hutuomba tulainishe, "mama ana presha". Hatulainishi. Presha tutampa maji na kiti.

Na kabla hujatuletea kurasa kumi za kueleza kwamba siku ya tukio kijana alikuwa kwa mjomba wake, muulize wakili kwanza. Majaji wa rufaa wanaangalia yaliyomo kwenye mwenendo wa kesi, na shahidi ambaye hakusikilizwa kule mahakama ya chini hawampokei hapo. Sisi si mawakili. Tutatafsiri zote kumi neno kwa neno na tutakutoza zote kumi, kisha utasema tumekula hela yako.

Bahasha usiitupe. Wakili akiuliza barua ilitumwa lini, muhuri wa posta ndio utakaomjibu.